Nani aliwaua samaki wa mto Klamath?

Sawa wasee. Julai 2025, saa nane usiku, kuna klipu ilinipitia kwa simu nikashindwa kulala. Vijana wa rika la kidato cha tatu na cha nne wako ndani ya kayaki, zile mashua nyembamba za mtu mmoja, wanapiga kasia hadi pale mto unapokutana na Bahari ya Pasifiki. Ufukweni kuna wazee wanalia. Sio kulia kwa kamera. Kulia kwa mtu mzima anayejaribu kujizuia na uso unakataa.

Vijana hao ni wa jamii za wenyeji wa asili wa bonde la mto Klamath. Mto wenyewe unaanzia jimbo la Oregon, Marekani, unakata California na kumwaga maji baharini. Walikuwa wamepiga kasia karibu kilomita 500, mwezi mzima, kutoka chemchemi hadi maji ya chumvi. Hakuna mtu aliye hai aliyekuwa amewahi kuifanya safari hiyo, juu kwa zaidi ya miaka mia moja mto ulikuwa umefungwa katikati na mabwawa ya stima. Manne kati yake yalikuwa yamemalizika kubomolewa mwaka uliotangulia. Na sababu kubwa ya kuyabomoa ilikuwa samaki.

Samaki! Nilirudia hiyo sentensi mara tatu.

Mimi nilisoma uhandisi wa umeme miaka miwili kabla mimi na karo hatujakosana. Miaka hiyo miwili nilichora mabwawa mengi tu. Maji juu, maji chini, mtambo katikati, pembeni unaandika megawati. Sikumbuki hata siku moja mtu akichora samaki. Kwa hivyo usiku huo nikaanza kusoma, na nikajikuta ndani ya kitu kinachofanana sana na kesi ya mauaji, ambayo mshukiwa mkuu kila mara alikuwa na mtu mwingine wa kumnyooshea kidole.

Tuanze na marehemu. Samoni ni samaki mwenye maisha ya ajabu. Anazaliwa kwenye maji baridi huko juu, anateremka baharini akiwa mdogo kama kidole, anakaa huko miaka kadhaa akinenepa, halafu anarudi kwa mto uleule aliozaliwa. Anaupanda dhidi ya mkondo bila kula chochote, anataga mayai kwenye changarawe, anakufa. Mzoga wake unalisha kila kitu: wadudu, ndege, dubu, hadi miti ya kando ya maji. Klamath ulikuwa mto wa tatu kwa wingi wa samoni katika pwani yote ya magharibi ya Marekani ukiondoa Alaska. Wayurok wanaishi karibu na mdomo wa mto, Wakaruk juu yao kidogo, na juu kabisa, upande wa Oregon, kuna jamii za Klamath, Modoc na Yahooskin. Hawa wa juu walitia saini mkataba na serikali ya Marekani mwaka 1864. Walitoa ardhi kubwa sana, na wao wakabakishiwa, pamoja na mambo mengine, haki ya kuvua samaki wao. Kumbuka huo mwaka.

Miaka ya 1910 ikaja kampuni ya stima, California Oregon Power Company, wakaifupisha ikawa Copco. Bwawa lao la kwanza mtoni, Copco 1, lilianza kutoa stima mwaka 1918, ingawa ujenzi ulikuwa umeshafunga njia ya samaki miaka kadhaa kabla. Copco 2 likafuata mwaka 1925. J.C. Boyle, lililopewa jina la mhandisi wao, mwaka 1958. Iron Gate mwaka 1962, ukuta wa zaidi ya mita 50.

Kuna kitu kinaitwa ngazi ya samaki. Ni mfululizo wa vidimbwi vinavyopanda kama vidato, samaki anaruka kutoka kimoja hadi kingine mpaka anavuka bwawa. Sio teknolojia ya jana, ilikuwepo hata enzi hizo. Copco 1 halikuwa na ngazi. Copco 2 halikuwa na ngazi. Iron Gate, lililo chini zaidi, yaani mlango wenyewe wa kuingilia, halikuwa nayo pia. Badala yake wakajenga kituo cha kutotolesha vifaranga. Ndugu zetu wa mkataba wa 1864 wakabaki na haki yao ya kuvua samoni ikiwa imeandikwa vizuri kabisa kwenye karatasi, na samoni hana njia ya kuwafikia. Vizazi vitatu, vinne, vilizaliwa hapo, vikazeeka, vikazikwa, bila kumwona huyo samaki kwenye mto wao.

Sasa, hadi hapo hii ni hadithi ya ukuta. Ukuta unafunga njia, samaki anashindwa kupita. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa. Lakini kilichonifanya niandike ni kile kilichowapata samaki wa chini ya ukuta, wale ambao njia yao ilikuwa wazi. Hao waliugua.

Angalia Iron Gate lilijengwa kwa nini. Kabla yake, mabwawa ya Copco yalikuwa yanafungulia maji kufuata mahitaji ya stima. Jioni watu wa mjini wakiwasha taa na kupika, maji yanaachiliwa, mto unapanda ghafla. Usiku wakilala, maji yanafungwa, mto unashuka ghafla, na vifaranga wanabaki juu ya mawe wakihema hadi wanakauka. Iron Gate likawekwa chini ya hayo mengine ili kutuliza huo mpando na mshuko. Kwa maneno mengine, ukuta wa mwisho uliletwa kama dawa ya kuta za kwanza. Na kwa kiasi fulani ilifanya kazi, mto ukatulia.

Shida ni kwamba huo utulivu ulikuwa karamu kwa mtu mwingine. Chini ya mto kuna mnyoo mdogo sana, mdogo kiasi kwamba ukimwona utadhani ni uzi uliokatika. Anapenda kukaa kwenye sakafu ya mto isiyosumbuliwa. Mto huru hauna hiyo huruma: kila msimu wa mafuriko unabeba mchanga na changarawe, unasugua sakafu yake kama sufuria, na minyoo inachukuliwa na maji. Bwawa likishika changarawe na kupunguza mafuriko, hakuna kusuguliwa tena. Minyoo inajaa.

Mnyoo huyu peke yake hana ubaya. Lakini anabeba kimelea kinaitwa Ceratonova shasta. Mnyoo anakitoa kwenye maji, kinamwingia samoni mdogo kupitia matamvua, yaani pale anapopumulia, kinahamia utumbo na kuanza kuula. Samaki anavimba tumbo, anavuja damu ndani kwa ndani, anakufa. Na wale samoni wakubwa wanaorudi kutoka baharini, kwa kuwa hawawezi kupita Iron Gate, wanarundikana hapo chini ya ukuta, wanataga na kufa wote mahali pamoja. Mizoga yao inatoa mbegu za kimelea zinazorudi kwa minyoo, na minyoo iko palepale ikingoja. Duara limefungwa. Ni kama umechukua msongamano wa matatu, ukafunga madirisha, halafu ukaweka mtu mmoja mwenye kifua kikuu.

Ongeza joto. Maji yaliyokaa kwenye ziwa la bwawa kiangazi kizima yanapata joto kama ya karai lililoachwa juani, na yanakaa na joto hilo hadi majira ya kupukutika majani, wakati ule samoni wakubwa wanapanda wakitegemea maji baridi. Samaki hana sweta ya kuvua. Maji yakiwa na joto, hewa ya kupumua inapungua ndani yake, mwili unachoka, na vijidudu vinazaana haraka zaidi. Juu ya hayo, Copco na Iron Gate zilikuwa zinageuka kijani kila kiangazi kwa mwani wenye sumu, hadi mabango yanawekwa kando ya maji kuonya watu na mbwa wao.

Basi ndio tufike Septemba 2002.

Lakini kwanza rudi mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2001 kulikuwa na ukame. Huko juu kuna mradi mkubwa wa serikali wa kunyunyizia mashamba maji, na mwaka huo serikali ikawafungia wakulima wengi maji ili kulinda samaki walio hatarini. Wakulima zaidi ya elfu moja, mashamba yamekauka, madeni ya benki hayangoji. Waliandamana, maelfu ya watu mji wa Klamath Falls wakipitishiana ndoo za maji mkono kwa mkono hadi kwenye mfereji. Mimi siwezi kuwacheka hao wakulima, wengi walikuwa wajukuu wa wanajeshi waliopewa hayo mashamba na serikali hiyohiyo. Machi 2002 mawaziri wawili wa Rais Bush wakaja wenyewe kufungulia maji ya mashamba, kukawa na shangwe. Kiangazi kikaja, kikavu tena. Maji yaliyobaki mtoni yakawa kidogo. Na mwaka huo samoni waliorudi kutoka baharini walikuwa wengi.

Wakaingia mto mfupi, wenye joto, wakabanana. Kuanzia karibu tarehe 19 Septemba wakaanza kuelea. Siku baada ya siku, kwenye kilomita karibu 58 za mwisho za mto, samaki wakubwa wa kufika kilo kumi na zaidi, wamegeuka tumbo juu, matamvua yameoza. Serikali kuu ilihesabu ikasema angalau 34,000. Wataalamu wa California wakasema huenda idadi halisi ni mara mbili ya hiyo. Miongoni mwa watu waliokuwa mtoni wiki hiyo alikuwa mwanafunzi mmoja wa chuo, Myurok, Amy Bowers Cordalis, aliyekuwa anafanya kazi ya likizo katika idara ya uvuvi ya jamii yake. Akaenda kusomea sheria baada ya kuona yale. Sitaki kuipamba hii, lakini fikiria ukoo wake: mwaka 1969 Raymond Mattz, mtu wa ukoo huohuo, alinyang'anywa nyavu zake kwa kuvua kwenye mto wa mababu zake, akakataa kunyamaza, na mwaka 1973 kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani akashinda. Sasa nyavu ziko halali, na samaki wamelala ufukweni wananuka.

Nani aliwaua? Uchunguzi ukarudisha majina mawili. Ich, kimelea cha madoa meupe ambacho hata wenye matanki ya samaki sebuleni wanakijua, na kolumnaris, bakteria wa matamvua. Vyote viwili ni vya kawaida. Viko mitoni siku zote.

Na hapo ndipo mabishano yakaanza. Wa mabwawa wakasema: sio sisi, ni vijidudu. Wa mashamba: sio sisi, ni ukame. Serikali: samaki walikuwa wengi kupita kiasi (eti samaki kuwa wengi ni kosa la samaki). Na ukisoma kwa haki, kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Vifo vya 2002 vilitokana zaidi na uchache wa maji, na maji hayo yaligawanywa kwa maamuzi ya mradi wa mashamba kuliko ya mabwawa ya stima. Ningependa kuwaambia ni Iron Gate lilichukua bunduki, lakini sio hivyo. Bwawa la stima mara nyingi haliui samaki kwa mkono wake. Linamdhoofisha: linampasha joto, linambana mahali pamoja na wagonjwa wenzake, linalea mnyoo, linamnyima changarawe. Halafu siku moja bakteria wa kawaida anapita, na cheti cha kifo kinaandikwa jina la bakteria.

Ndio maana ilichukua muda mrefu hivyo. Mtu akipigwa risasi mnakamata mwenye bunduki. Mtu akiishi miaka hamsini kando ya kiwanda cha moshi halafu afe kwa nimonia, mtamshtaki nani?

Wayurok na Wakaruk waliamua hawatasubiri jibu la kisayansi litimie. Leseni ya mabwawa, ya miaka 50, ilikuwa inaisha 2006, na leseni inapoisha ndio pekee mlango hufunguka. Wakati huo mwenye kampuni alikuwa Scottish Power, kwa hivyo mwaka 2004 wakapanda ndege hadi Uskoti kwenye mkutano wa wenye hisa. Wazia: mzee wa kijiji cha mto anatua Edinburgh na vazi la sherehe, anawaeleza Waskoti, watu ambao wenyewe wana samoni, kwamba kampuni yenu inaua mto wetu. Inasemekana wenyeji waliwaelewa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Halafu kampuni ikauzwa, mwenye mpya akawa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett. Sawa. Mwaka 2008 wakaenda Omaha, kwenye mkutano wa Buffett mwenyewe.

Kilichogeuza mambo mwishowe, na hapa roho yangu ya uhandisi ilicheka, kilikuwa hesabu. Serikali ilisema mkitaka leseni mpya, wekeni ngazi za samaki kwenye kuta zote. Bei ya ngazi ikapigwa, ikapatikana kwamba kubomoa ni nafuu zaidi. Mabwawa yote manne kwa pamoja yalikuwa na uwezo wa megawati 163. Bwawa letu la Gitaru peke yake ni 225. Kwa kampuni yao hiyo ilikuwa chini ya asilimia 2 ya stima yote. Na kuna kipande ambacho kilinikaa kooni: sehemu ya juu ya eneo la Wayurok, nyumba nyingi zilikaa bila stima hadi karne hii. Mto ulikuwa unawasha taa za watu wengine.

Najua kuna mtu tayari anaandika: buda, hiyo ni Marekani, wao wana stima ya kumwaga, sisi tunakatiwa. Uko sahihi. Mimi sisemi tubomoe Masinga. Stima inayochaji hii simu, kiasi fulani chake kinatoka Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kuta tano mfululizo kwenye mto mmoja. Taa zilikuja Nairobi. Kuna vijiji kando ya hizo kuta vilivyotazama nguzo zikipita juu ya paa zao kwa miongo.

Lakini jiulize kama umewahi kusikia mtu akiuliza habari za samaki wa Tana. Mto huo una mikunga (sio wale wa kuzalisha akina mama, tulia), samaki mrefu kama nyoka. Mkunga ni samoni aliyegeuzwa: anazaliwa Bahari Hindi, anaingia mtoni akiwa mwembamba kama sindano, anapanda, anakaa miaka mingi huko juu akikua, halafu anateremka kurudi baharini kutaga. Safari moja ya kwenda, moja ya kurudi. Weka kuta tano hapo. Anayepanda anakutana na saruji. Anayeteremka anakutana na mitambo, na yeye kwa urefu wake ndiye anayekatwa kirahisi kuliko samaki wengine. Na huko chini, Wapokomo wamelima na kuvua kwa karne nyingi wakifuata mafuriko mawili ya mwaka, yale yanayojaza vidimbwi vya kando ambapo samaki huzaliana. Masinga lilijengwa kushika mafuriko. Ndiyo kazi yake. Na sasa kwa miaka mingi kunazungumzwa juu ya bwawa lingine kubwa kuliko yote, High Grand Falls, kwenye mto huohuo. Kila nikisikia habari zake nasikia megawati, ekari, na shilingi. Nimeacha kushangaa, nilisomeshwa hivyo hivyo.

Turudi Klamath tumalize. Mwaka 2010 makubaliano ya kubomoa yalitiwa saini, yakaenda Bunge la Marekani, yakafia huko. Mwaka 2016 wakaandika mengine ambayo hayahitaji Bunge. Mei 2021, wakiwa bado wanangoja, kimelea cha yule mnyoo kilipiga vifaranga vibaya sana. Mitego ya Wayurok ya kufuatilia samaki ilikuwa inatoka na wafu wengi kuliko wazima. Novemba 2022 leseni ikafutwa rasmi. Copco 2 likaenda 2023. Januari 2024 wakatoboa yaliyobaki, maziwa yakaisha kama beseni lililotolewa kizibo, na mto ukawa rangi ya chai ya maziwa hadi baharini. Gharama yote ilikuwa karibu dola milioni 450, nyingine kutoka kwa wateja wa stima, nyingine kutoka jimbo la California. Sio kila mtu alifurahi: waliokuwa na nyumba kando ya ziwa Copco waliamka wakakuta mbele ya veranda ni tope. Kwa upande mwingine, ardhi iliyokuwa imefunikwa na maji, ambayo watu wa Shasta walinyang'anywa kwa ajili ya Copco 1, California iliahidi kuwarudishia.

Halafu bwawa likaua mara ya mwisho, na safari hii kwa mkono wake. Tarehe 26 Februari 2024, kituo kipya cha kutotolesha kilichojengwa kwa ajili ya enzi mpya kiliachilia vifaranga karibu 830,000, juu ya Iron Gate. Iron Gate lilikuwa bado limesimama, ila maji yanapita kwa handaki chini yake. Vifaranga wakapita humo. Ndani ya handaki lile shinikizo lilibadilika ghafla. Unajua soda ukiifungua, gesi iliyokuwa imetulia inatoka povu? Sasa weka hiyo kwenye damu ya samaki wa urefu wa kidole. Povu kwenye mishipa, povu kwenye macho. Unaitwa ugonjwa wa mapovu ya gesi, na umeua samoni kwenye mabwawa ya Marekani tangu miaka ya 1960. Siku chache baadaye waliokuwa wakifuatilia mto wakaanza kuokota wafu, na ikabidi vifaranga waliofuata waachiliwe chini ya ukuta.

Kwa mara ya kwanza katika kesi nzima hakukuwa na kimelea, hakukuwa na ukame, hakukuwa na mkulima. Walikuwa wazima asubuhi, wakapita bwawa, wakafa.

Mwanzoni mwa Oktoba 2024 tani za mwisho za ukuta zilikuwa zimeshaondolewa. Watafiti walikuwa wamepanga kusubiri. Wengine walidhani itachukua miaka samaki kujua kwamba njia iko wazi, maana hakuna samoni aliye hai aliyekuwa na kumbukumbu ya huko juu. Tarehe 16 Oktoba, kwenye kijito kimoja upande wa Oregon, juu ya mahali palipokuwa na kuta zote nne, mtaalamu wa jimbo akaona mapezi juu ya maji. Samoni wa kwanza huko tangu 1912. Wiki mbili tu. Hakuna aliyewabeba, hakuna aliyewaonyesha njia.

Huko juu bado kuna mabwawa mawili madogo, Keno na Link River, yana ngazi, na maji ya juu yana shida zake za mbolea na mwani. Na ule mnyoo bado uko kwenye sakafu ya mto, ukisubiri kuona mafuriko ya mto ulioachiliwa yatakuwaje.